Homoni kazini: majibu ya maswali yenu

Swali: Nina mfanyakazi wa miaka 49. Siku hizi anasahau mambo, anatokwa jasho kikaoni, amekuwa mkali. Nimwambieje kwamba huenda anakaribia kukoma hedhi?

Usimwambie. Wewe si daktari wake, na jasho na usahaulifu vinaweza pia kutokana na tezi ya shingo au ukosefu wa usingizi. Mwite faraghani umuulize kama ungemuuliza yeyote: kazi inakulemea wapi, na tupunguze nini? Asipotaka kueleza zaidi, yaishie hapo.

Wala huhitaji kujua siri yake ili kurekebisha mazingira. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na dalili huweza kuanza miaka kadhaa kabla. Estrojeni, homoni ya kike, inapoyumba, sehemu ya ubongo inayoratibu joto la mwili nayo huyumba, kwa hiyo mtu huwaka moto ghafla hata chumba kikiwa na baridi. Usiku huamka amelowa, asubuhi anaripoti kazini hajalala. Weka feni na maji ya kunywa. Ruhusu sare ya pamba badala ya nailoni. Aliyekesha aanze saa moja baadaye na kuifidia jioni. Hayo yana maana kuliko hotuba na maua ya Siku ya Wanawake, Machi 8, ambayo waajiri wengi huyaona yametosha kwa mwaka mzima.

Swali: Naomba jina la dawa ya kusawazisha homoni.

Homoni ipi? Barua hii inaletwa tena na tena, na jibu ni lilelile: pima kwanza. Anayekuuzia vidonge vya kusawazisha zote hajui yako ina tatizo gani. Waajiri nanyi, acheni kuwaalika wauzaji hao kutoa semina ofisini.

Swali: Maumivu ya hedhi hunilaza siku mbili kila mwezi. Msimamizi wangu husema wenzangu nao wanapata hedhi na wanakuja kazini.

Msimamizi wako amekosea. Maumivu yanayomlaza mtu si ya kuvumiliwa, hata kama mama na bibi waliyavumilia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa endometriosisi huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa: tishu inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake. Wengi huzungushwa miaka mingi kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Andika tarehe, ukali wa maumivu, wingi wa damu na dawa ulizomeza, kisha mpelekee daktari wa magonjwa ya wanawake daftari hilo. Mwombe barua inayotaja unachohitaji kazini, kama kukaa badala ya kusimama. Mara nyingi si lazima itaje ugonjwa. Nakala baki nayo.

Swali: Likizo ya hedhi haitawafanya waajiri waogope kutuajiri?

Hofu hiyohiyo ilitumika kupinga likizo ya uzazi. Japani imekuwa na likizo ya hedhi kisheria tangu 1947, lakini wanaoitumia ni wachache sana, kwa kuwa sheria haimlazimishi mwajiri kuilipia na wengi huona haya kuiomba kwa bosi mwanamume. Hispania mwaka 2023 iliwapa wenye maumivu makali likizo inayolipwa na hifadhi ya jamii, kwa cheti cha daktari. Mimi naunga mkono njia hiyo: gharama isipomwangukia mwajiri mmoja, kisingizio cha kuwakwepa wanawake kinapungua.

Swali: Nikikasirika, bosi ana haki ya kuniuliza kama niko kwenye siku zangu?

Hana.

Swali: Nina miaka 56, hedhi ilikoma miaka 3 iliyopita, na sasa naona damu kidogo. Tuko kwenye ukaguzi wa hesabu hadi mwisho wa mwezi. Naweza kusubiri?

Usisubiri. Damu inayotoka baada ya miezi 12 bila hedhi lazima ichunguzwe, hata ikiwa tone. Mara nyingi chanzo si kikubwa, lakini huweza kuwa saratani ya mfuko wa uzazi, ambayo ikigunduliwa mapema hutibika vizuri. Mwenzako ashike hesabu. Wewe nenda hospitali wiki hii.