Jibu: Niache kazi ili nimtumikie Mungu?

Ndugu, umeuliza kama uache ukarani wa kusajili wagonjwa ukahubiri, maana kazi imekuchosha. Nimekaa kwenye dirisha la usajili kama lako hapa Busia miaka saba, nakuelewa kabisa.

Kilichonigeuza ni bibi mmoja wa kijijini. Kadi yake ilikuwa imelowa mvua, ameifunga kwenye pindo la leso, na hajui foleni ipi ni yake. Nilitoka nikamshika mkono mpaka mlangoni kwa daktari. Dakika tano tu. Akaniita mwanangu, nami jioni nikarudi nyumbani naimba.

Mshahara ukicheleweshwa, dai haki yako. Kumtumikia Mungu si kukubali kunyonywa. Lakini kumbuka, maneno ya Wakolosai 3:23, kufanya kazi kwa moyo kama kwa Bwana, waliandikiwa watumwa, watu ambao hawakuchagua kazi yao. Na Albert Cook, daktari Mwingereza aliyeanzisha hospitali ya Mengo, Kampala, mwaka 1897, alikuwa mmisionari huku ameshika vifaa vya udaktari.

Usiache bado. Kesho, kabla hujafungua daftari, mwombee mgonjwa wa kwanza atakayefika, kisha muulize jina lake ukimtazama usoni. Fanya hivyo wiki nzima, halafu uniandikie.