PlayStation Classic haioni flashi: mkuu usimpelekee fundi, anza na flashi yenyewe

Mkuu umesema shemeji yako kakuletea PlayStation Classic, ile mashine ndogo ya Sony yenye gemu 20 za PlayStation ya kwanza (PS1) ndani yake, toka Uingereza, ukaambiwa ukichomeka flashi yenye AutoBleem (programu ya kuchezea gemu zilizo kwenye flashi) unaongeza gemu zako, umefanya kila kitu lakini ukiwasha zinakuja zile zile 20 kama vile hakuna kilichochomekwa. Usiifungue. Mimi yamenikuta hayo hayo hapa Dodoma mwaka jana, nikahangaika karibu wiki mbili na mashine muda wote ilikuwa nzima kabisa.

Zile tundu mbili za mbele Sony waliziweka kwa ajili ya padi, na padi haili umeme mwingi, kwa hiyo kinachotoka pale ni kidogo sana, kama miliampia 100 hivi wakati tundu la kawaida la USB kwenye kompyuta linatoa 500. Sasa flashi kubwa za siku hizi, hasa USB 3, zinataka zaidi ya hapo. Inawaka kidogo, inakosa nguvu, mashine haiioni na inaendelea na mambo yake. Iliyokubali kwangu ni flashi ya zamani ya GB 16, USB 2, ilikuwa kwenye droo ya ofisini inahifadhia barua. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote azima flashi ndogo ya zamani kwa mtu ujaribu nayo.

Halafu hiyo GB 128 yako umeipata wapi na kwa bei gani? Nauliza kwa sababu ya kwangu ya kwanza nilinunua mezani kwa bei ya kutupa, nikaipima kwa programu ya H2testw kwenye laptopu ikaonekana ina GB 8 tu za kweli, juu wameandika 128. Flashi ya hivyo inakubali kupokea mafaili yote lakini ukija kuyasoma yameharibika, na utalaumu mashine bure.

Ukishapata flashi ya kweli fomati kwa FAT32 (ni namna flashi inavyopanga mafaili, unaichagua wakati wa kufomati), sio exFAT wala NTFS. Windows ya kawaida ukiifungulia ile menyu ya kufomati inaishia GB 32 kwa FAT32, ndio maana nasema ndogo inatosha, CD moja ya PS1 haizidi MB 700 kwa hiyo kwenye GB 16 unaweka gemu zaidi ya ishirini bila kubanana. Jina la flashi liwe SONY, herufi kubwa zote, hili watu wanalipuuza na ndilo linalowakwamisha. Chomeka tundu la pili, la kulia, mashine ikiwa imezimwa, ndio uwashe.

Gemu zenyewe mimi natoa kwenye CD zangu mwenyewe kwa ImgBurn, inakupa faili la .bin, ambalo ndilo gemu yenyewe, na la .cue, kila gemu na folda yake ndani ya folda ya Games. Angalizo, lile la .cue ni maandishi tu, ukilifungua na Notepad utaona limetaja jina la .bin, kwa hiyo ukibadilisha jina la .bin ukasahau kurekebisha humo ndani gemu haifunguki. Siku tatu zangu ziliishia hapo.

Na hizo CD toeni mapema jamani. Vumbi la Dodoma mnalijua, kiangazi hiki upepo ukianza hata ukifunga madirisha linaingia, CD zangu za miaka ile nyingi zimechubuka na chache zimegoma kabisa. Wanaokumbuka mabanda ya gemu ya Makole na Chang'ombe watakumbuka tulivyokuwa tunaipindua PS1 chini juu ili lenzi iliyochoka isome. Kwangu mimi faida kubwa ya flashi ni hiyo, gemu niliyokua nayo isipotee. Kwenye zile 20 za Sony Tekken 3 ipo, nashukuru, lakini Winning Eleven, ile gemu ya mpira, haipo na bila Winning Eleven mtu wa banda la gemu unamwambia nini? Isitoshe tisa kati ya zile 20 ni toleo la Ulaya linalokwenda kwa hezi 50, yaani picha 50 kwa sekunde, ukilinganisha na ulivyozoea unaona kabisa linavuta miguu.

Sasa mpira unataka watu wawili na flashi imekaa kwenye tundu la padi ya pili. Hapa nunua habu ya USB (kile cha kugawa tundu moja kuwa mengi) yenye chaja yake, ichomeke tundu la pili, flashi na padi ya pili vikae kwenye habu. Ile isiyo na chaja inagawana umeme ule ule mdogo, unarudi kule kule. Na mashine yenyewe haiji na kichwa cha chaja, ina waya tu, kwa hiyo ipe cha volti 5 ampia 1 kilicho kizima.

Umeme ukikatika katikati ya gemu usiogope, AutoBleem inakaa kwenye flashi, haigusi kitu ndani ya mashine, ukiichomoa unarudi kwenye gemu 20 kama ilivyotoka kiwandani. Kinachoweza kuumia ni flashi, kwa hiyo CD ulizotoa acha nakala kwenye laptopu, na usiichomoe mashine ikiwa inawaka.

Leo jioni fomati upya, weka gemu moja tu, washa uiache AutoBleem imalize kuskani gemu. Ikigoma tupia hapa picha ya folda zilivyokaa pamoja na aina ya flashi, nipo.