Kabla Hujabonyeza Kubali: kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Kutredi Vitu vya Gemu

Jumamosi baada ya Asri kijana mmoja wa Majengo aliingia saiba (duka la intaneti) ninakofanya kazi, Mwembe Tayari, Mombasa, akaketi kwenye mashine ya nne na asiiwashe. Nilimtazama uso nikajua ameliwa, yaani ametapeliwa. Alikuwa ameuza akaunti yake ya gemu ya Free Fire aliyoichezea miaka mitatu, kwa shilingi 4,500. Meseji ya M-Pesa iliingia, akaisoma, akatoa paswadi. Nikamwomba simu niione. Meseji ilipangwa vizuri: namba ya muamala ipo, jina la mtumaji ameliona, salio jipya limeandikwa hadi senti. Ila pale juu, panapoonyesha imetoka kwa nani, palikuwa na namba ya simu ya kawaida inayoanza na 07.

Huyo ni wa tatu tangu mfungo uishe, na wote watatu walikuwa wamenisikia nikisema kwa sauti kwamba meseji ihakikiwe kwanza. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mnanichosha. Kila mwaka linakuja kundi jipya, na kila kundi linaingia shimo lile lile tuliloingia sisi. Skini, yaani pambo la silaha au la mchezaji ndani ya gemu, na mdhamini, yaani mtu wa kati anayeshika kitu au pesa mpaka pande zote zitimize, mnavijua, sina haja ya kueleza zaidi. Naandika yale ambayo mkiambiwa mdomoni mnaitikia "sawa kaka" huku macho yako kwenye lobi.

1. Uliza salio. Meseji halisi hutoka kwa jina MPESA, lakini hata ukiliona jina hilo, ingia kwenye menyu uone pesa zenyewe zimekaa. Anayekuambia "fanya haraka kuna mwingine anataka" wakati unauliza salio, mwache amfuate huyo mwingine. Meseji ya bandia isambaze kwenda 333, hulipi kitu.

Na zikiwa zimeingia kweli, bado soma jina la aliyezituma. Jamaa mmoja hapa kwetu aliuza skini, pesa zikaingia, salio likapanda, kila kitu safi, isipokuwa jina lilikuwa la mwanamke na yeye alikuwa anazungumza na mwanamume. Akaulizia, akaambiwa "ni mke wangu". Akatoa skini. Jioni ile akapigiwa simu na mama mmoja wa Kongowea, sauti ya upole kabisa: "Mwanangu, hiyo simu niliyolipia inaletwa saa ngapi?" Tapeli alikuwa amemtangazia mama yule simu ya mtumba, akampa namba ya huyu jamaa kama namba ya kulipia. Mama amelipa simu asiyoiona, jamaa ametoa skini kwa mtu asiyemjua, na pesa pekee zilizopo ni za mama. Alizirudisha siku ile ile, nami namheshimu kwa hilo mpaka leo. Kwa hiyo jina la M-Pesa lisipolingana na mtu unayezungumza naye, usitoe kitu. Mwambie atume mwenyewe kwa laini yake.

2. Diamondi, zile pesa za ndani ya Free Fire, huingizwa kwa UID, namba ya mchezaji, peke yake. Anayekuomba paswadi ili "akuwekee" anataka akaunti.

3. Akaunti ya Free Fire unayonunua imefungwa kwenye Facebook au Google ya mtu. Aliyeifungua wa kwanza anaweza kuirudisha hata miezi sita baadaye, na Garena wenyewe, wenye gemu, wamekataza kuuziana akaunti, kwa hiyo hutakuwa na pa kulalamika. Mimi siku hizi sinunui akaunti wala sisimamii mauzo yake. Mtanisamehe.

4. Jina huigwa, na picha huigwa. Hapa naomba mnivumilie, maana hili lilinigharimu.

Mwaka 2021 tulikuwa na kisu cha Huntsman, skini ya thamani kwenye gemu ya Counter-Strike, toleo la kabla ya CS2. Nasema tulikuwa kwa sababu kilikuwa cha watu wawili, mimi na mdogo wangu. Shule zilipofungwa mwaka 2020 yeye alikuwa akimenya viazi kila alasiri kwa mama mmoja muuza viazi karai mtaani kwetu Likoni, na vijisenti alivyolipwa alivileta kwangu tukachanga. Kisu kikakaa kwenye akaunti yangu kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Alipomaliza KCSE, mtihani wa kidato cha nne, mwezi wa 4 mwaka 2021, akataka kusoma udereva. Tukakubaliana tukiuze.

Mnunuzi akapatikana kwa shilingi 17,000. Akataka mdhamini, nami nikamtaja mtu wangu, kijana wa Kisauni niliyemjua miaka minne, mwaminifu, jina lake la Steam (mtandao tunakochezea Counter-Strike na kutredi vitu vyake) Nahodha, picha yake jahazi jeupe limetweka tanga. Mnunuzi akasema, "Namjua, ngoja nimwite." Akafungua grupu, Nahodha akaingia, jahazi lile lile, akatoa salamu kama anavyotoa siku zote. Sikujiuliza ni nani aliyemwita. Mdhamini nilimchagua mimi, lakini aliyemleta mezani ni mnunuzi, na kosa langu lote liko hapo.

Ilikuwa saa tatu kasoro robo usiku. Kafyu ya korona ilikuwa ya saa nne, nami nilikuwa upande wa kisiwani pale feri nimebanwa katikati ya watu, kila mmoja anataka kuvuka kabla askari hawajaanza kazi. Simu ilikuwa na chaji asilimia sita. Mnunuzi akaandika kwamba pesa ziko kwa mdhamini. Nahodha akaandika: "Nimezipokea, leta kisu nimpe, nikutumie zako." Mara geti likafunguliwa, watu wakaanza kuteremka na kusukumana. Nikafungua ofa ya tredi. Kidole gumba kilikuwa na jasho, skrini ikakataa. Nikaipangusa kwenye shati, nikabonyeza tena, ikakubali.

Ukurasa wa ofa ulikuwa umeniambia. Chini ya lile jahazi jeupe paliandikwa kiwango cha akaunti, 2, na tarehe ilipofunguliwa, wiki chache nyuma. Nahodha ninayemjua akaunti yake ni ya 2013 na kiwango chake kilishapita 40. Mambo hayo yalikuwa mbele ya macho yangu mara mbili, mara ya kwanza skrini ilipokataa na mara ya pili ilipokubali, na mara zote mbili nilitazama jahazi.

Nilipofika ng'ambo nikaandika kwenye grupu, grupu halipo. Nikampigia Nahodha simu. Nikasikia sahani. Akasema, "Mimi niko nyumbani nakula, Steam sijaingia tangu asubuhi." Nilisimama pale stejini, matatu zikijaa na kuondoka, mpaka makanga mmoja akaniuliza kama ninaumwa.

Mnakumbuka kwamba tangu Machi 2018 kitu cha Counter-Strike kikishatrediwa hakitrediki tena mpaka siku saba zipite. Kwa hiyo kisu chetu hakikwenda popote. Kilikaa kwenye inventori, ghala la vitu, ya yule mtu, iliyo wazi kwa kila mtu, na mimi nikawa nakifungua kila nikiamka, kabla hata ya kunawa uso. Kipo. Kesho yake kipo. Niliripoti akaunti ile, lakini sera ya Steam kuhusu vitu vilivyotoka kwa utapeli nilikuwa naijua: havirudishwi. Siku ya nane asubuhi nikafungua, nafasi yake ilikuwa tupu.

Na siku zote hizo saba sikumwambia mdogo wangu. Pesa ningezitafuta, lakini hili ndilo linaloniuma. Nilimwambia mnunuzi anachelewa. Yeye alikuwa ameshachukua fomu ya chuo cha udereva, usiku anakaa na karatasi ya alama za barabarani ananiuliza hii ni nini, hii ni nini, nami namjibu. Siku ya nane nikamwita nje, tukakaa kwenye ngazi, nikamweleza yote. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu: "Uliangalia tarehe?" Yeye huwa anaiangalia kila mara. Sehemu yake nilimlipa kidogo kidogo hadi Disemba, na udereva akaja kuusoma mwaka uliofuata.

Basi fanyeni hivi. Mdhamini mtafute wewe, mwite wewe, kwa namba ya simu uliyokuwa nayo tangu zamani, na usikie sauti yake kabla kitu hakijatoka. Kwenye ofa soma kiwango na tarehe, picha iache. Discord nako, kwenye magrupu ya kuzungumza, tangu 2023 zile tarakimu nne nyuma ya jina zimeondolewa. Jina linaloonekana mtu yeyote anaweza kulivaa, kwa hiyo fungua wasifu uone jina lake halisi la akaunti, herufi kwa herufi, maana l ndogo na I kubwa kwa macho ya haraka ni kitu kimoja. Na usitredi ukiwa njiani. Si kwenye matatu, si kwenye feri, si chaji ikiwa mwishoni. Mnunuzi wa kweli atakungoja ufike nyumbani.

5. Siku saba sasa zina maana nyingine. Tangu Julai 2025 tredi ya CS2 inaweza kurudishwa na aliyetoa, ndani ya siku saba, kwa sharti kwamba tredi zake zote za siku hizo zinarudi pamoja na akaunti yake inazuiwa kutredi siku 30. Kama sheria hii ingekuwepo mwaka 2021, kisu chetu kingerudi, iwapo ningefungua mdomo siku ile ile na kuacha kukikodolea macho kila asubuhi. Kwa hiyo ukiliwa, sema leo. Mwambie mkubwa wako, njoo saiba, hata kama ni aibu.

Lakini igeuzeni pia mwone upande wa mnunuzi. Ukimlipa mtu kwa M-Pesa leo, naye kesho akarudisha tredi, skini imekwenda na pesa umeshatoa. Mnunuzi asiyemjua muuzaji aweke pesa kwa mdhamini mpaka siku ya nane. Muuzaji naye aangalie upande wake, kwa sababu aliyetuma M-Pesa anaweza kusambaza ile meseji kwenda 456, namba ya kuomba pesa zirudishwe, akadai alikosea namba. Hifadhi mazungumzo yote ya makubaliano, yenye bei na jina la kitu, ili ukiulizwa uwe na cha kuonyesha.

6. Linki ya "pigia kura timu yetu" msiiguse hata ikitoka kwa rafiki, maana akaunti yake huenda imeshachukuliwa. Ukiingia kwa Steam pale, wanaweza kujitengenezea ufunguo wa API kwenye akaunti yako, yaani msimbo unaoiruhusu programu ya nje kuona na kufuta ofa zako, na kukaa kimya. Siku unayotuma ofa ya kweli wanaifuta, wanaleta nyingine inayofanana kutoka akaunti yenye jina na picha ya yule uliyemtumia, na wewe unathibitisha kwenye simu ukidhani ndiyo ile. Fungua ukurasa wa ufunguo wa API leo. Ukikuta upo na hukuuomba, ufute, badilisha paswadi, toa vifaa vyote vilivyoingia.

7. Steam Guard, kinga ya kuthibitisha ofa, iwe kwenye simu. Bila hiyo ofa zako zitazuiliwa hadi siku 15, na mtalalamika kwangu.

8. "Tangulia wewe kisha nitakupa." Dada zetu mnaobadilishana vitu vya Roblox kati ya gemu mbili tofauti, hapo hakuna dirisha moja linaloshika vitu vyote viwili, lazima mmoja atangulie, na tapeli anajua hivyo. Badilishaneni ndani ya gemu moja au msibadilishane. Gemu ya RuneScape ina skrini ya pili ya kuthibitisha kwa sababu watu walikuwa wakibadilisha kitu dakika ya mwisho. Isomeni yote, msiibonyeze kwa mazoea. Wala msidhani kila gemu itawatetea: kwenye EVE Online, ya kampuni ya CCP kule Iceland, kumtapeli mwenzako ndani ya mchezo hakukatazwi, na wanaoicheza wanaingia wakijua.

9. Ukishaliwa, usimtukane tapeli. Atakublock na ushahidi utapotea. Mwandikie kawaida huku unapiga skrinshoti, nakili linki ya wasifu wake yenye ile namba ndefu, kwa sababu jina atalibadilisha usiku huo. Kama pesa zimetoka kwako, meseji ya muamala isambaze 456 dakika ile ile, kabla hajazitoa kwa wakala. Kisha nenda kituo cha polisi uandikishe upewe namba ya OB, kitabu chao cha matukio. Kenya ina sheria ya uhalifu wa kompyuta tangu 2018, na kuchukua kitu cha mtu kwa ulaghai mtandaoni ni kosa chini yake, hata kama askari wa mapokezi hajui kisu cha Huntsman ni nini. Mweleze taratibu. Mwambie kilinunuliwa kwa shilingi ngapi.

Yule kijana wa Majengo tulikaa naye mpaka Magharibi. Akaunti ilikuwa bado imefungwa kwenye Google yake, tapeli hakuwahi kuibadilisha, tukaingia kwa barua pepe ile tukabadilisha paswadi mikono ikimtetemeka. Safari hii amepona.

Kila siku baada ya Asri nipo pale hadi saa tatu usiku. Mwenye ofa anayoitilia shaka aje kabla hajaikubali, na aje na simu yenyewe, asiniletee skrinshoti.