Kusi tunalo, kwa nini mitambo ya upepo hatuna?

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini sisi wa Mtwara na Lindi hatuna mitambo ya upepo ilhali Kenya wanayo. Nakujibu kama fundi umeme niliyefanya kazi katika pwani hii, kuanzia Mikindani hadi Kilwa.

Upepo unaopeperusha mchanga ufukweni si kipimo cha kutosha. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake huwa mara nane, na ikishuka kidogo tu, umeme hupungua sana; ndiyo maana kabla ya kujenga husimamishwa mnara wa vipimo ili kasi irekodiwe kwa mwaka mzima au zaidi. Niliwahi kufunga mtambo mdogo wa kuchaji betri kwenye kambi ya wavuvi. Msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini, betri zilijaa vizuri, lakini wakati wa maleleji, kipindi cha upepo hafifu kati ya kusi na kaskazi, taa zilizimika mapema, hadi mwenye kambi akaomba tuongeze paneli za jua. Chumvi nayo ilikula boliti upesi, jambo ambalo kwa mitambo mikubwa ya pwani ni gharama ya kudumu.

Huko Kenya, mitambo 365 ya Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, yenye uwezo wa megawati 310, ilikamilika mwaka 2017. Ikakaa bila kazi hadi mwaka 2018, kwa sababu njia ya kusafirisha umeme hadi Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, ilikuwa haijamalizika, na serikali ikalipa fidia kwa umeme ambao haukumfikia mtu yeyote. Kwa hiyo, kwangu mimi swali la nyaya za kusafirisha umeme hutangulia swali la mapanga ya mitambo yanayozungushwa na upepo.

Mikoa yetu kwa miaka mingi ilitegemea mitambo ya gesi ya Mnazi Bay, nje ya gridi ya taifa, na mtandao mdogo wa namna hiyo hauwezi kubeba mtambo mkubwa ambao umeme wake hupanda na kushuka kila saa. Hata hivyo, siafikiani na wanaosema kwamba gesi inatosha. Injini za gesi huongezwa na kupunguzwa haraka, hivyo kusi likivuma tungechoma gesi kidogo, na likitulia injini zingebeba mzigo. Tanzania imekwisha kuanza kule Mwenga, Mufindi, kwa mitambo mitatu yenye jumla ya megawati 2.4. Kiasi kama hicho kingetufaa kuanzia, mradi vipimo vya mwaka mzima vifanyike kwanza na matokeo yake yawekwe wazi kwa wananchi.