Selous wa Rufiji alipigana kweli Bukoba?

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mimi msomaji wenu wa Kirumba hapa Mwanza, nafata ndizi Bukoba kila wiki. Juzi kwenye meli ya usiku nilikaa na mzee mmoja akawa anasimulia vita ya Mjerumani na Mwingereza, akasema yule Selous ambae pori la wanyama kule Rufiji liliitwa jina lake alishapigana Bukoba, tena akiwa mzee wa miaka sitini na kitu. Nikambishia mpaka meli inafunga gati, maana mi najua alikuwa mwindaji tu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mzee yuko sahihi, ukimkuta tena kwenye meli mwombe radhi. Na wewe hujakosea kumwita mwindaji, maana ndo kazi alofanya karibu maisha yake yote.

Frederick Courteney Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851, akaja Afrika Kusini akiwa na miaka 19 kuwinda tembo. Mwaka 1890 ndo yeye aliewaongoza njia watu wa Cecil Rhodes, yule tajiri wa Kiingereza aliekuwa anatafuta makoloni, kuingia Mashonaland, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, na hilo lazima tuliseme wazi kwasababu watu wa kule walipoteza ardhi yao na njia alioneshwa mzungu na huyuhuyu tunaemuongelea.

Sasa Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza 1914 alikuwa na miaka 62, yuko zake kwao Uingereza, hakuna mtu angemlaumu akikaa nyumbani. Akaomba kwenda vitani wakamwambia umri umepita. Hakukata tamaa, akaendelea kuomba mpaka ikapatikana nafasi kwenye batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers, askari wa miguu, wote watu wa kujitolea chini ya Luteni Kanali Driscoll. Walikuwa mchanganyiko wa ajabu, wawindaji, wasafiri, kulikuwa na mpiga picha za wanyama Cherry Kearton, na tajiri wa Kimarekani McMillan aliekuwa na mashamba Kenya. Wakashuka Mombasa Mei 1915, zaidi ya watu elfu moja, Selous akiwa luteni.

Mwezi uliofata tu wakapelekwa ziwani. Mjerumani alikuwa na mtambo wa simu ya upepo pale Bukoba, Mwingereza akataka uvunjwe. Wakapandishwa meli Kisumu, zilezile za abiria na mizigo kama Usoga na Rusinga, wakavuka ziwa usiku wakashuka ufukweni kaskazini ya mji, na wewe unaeijua Bukoba unajua ile milima inavyosimama juu ya maji, kwahiyo huyu mzee wa miaka 63 na bunduki yake alianza kwa kupanda mlima kwanza alafu ndo risasi. Walipigana tarehe 22 mpaka 23 Juni, mji ukachukuliwa, mnara wa ule mtambo ukalipuliwa. Baada ya hapo askari wakapora mji. Hilo mi linaniuma kila nikilisoma, maana wenye nyumba zile walikuwa hawana ugomvi na mtu wa London. Jioni wakarudi kwenye meli wakaondoka. Hapa Mwanza Mwingereza alikuja kuingia Julai 1916.

Selous akapandishwa kuwa kapteni mwaka huohuo 1915, na 1916 akapewa DSO, nishani ya maafisa wa jeshi la Uingereza waliofanya vizuri vitani. Homa na njaa vilimaliza wenzie wengi kuliko risasi. Na yeye aliugua akarudishwa Uingereza kufanyiwa opereshni, akapona, akarudi tena. Hapo ndo naona huyu mtu alikuwa anamaanisha, kwasababu safari ya kwanza unaweza kusema hakujua anakokwenda, ila ya pili alijua kila kitu.

Tarehe 4 Januari 1917, Beho Beho karibu na Rufiji, alikuwa mbele na kikosi chake anaangalia kwa darubini adui yuko wapi, mdunguaji akampiga risasi. Alikuwa ametimiza miaka 65 siku nne tu kabla. Wakamzika palepale. Mwaka mmoja kamili baadae, 4 Januari 1918, mwanae Freddy aliekuwa rubani nae akauawa vitani. Mama yake Freddy sijui nimuweke wapi moyoni.

Pori likapewa jina lake 1922. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya kaskazini ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na kaburi lake liko humohumo.

Ila kuna watu hawana kaburi wala pori. Jeshi lile lilitembea migongoni mwa wapagazi, wa huku kwetu Usukuma na Unyamwezi wamo, na waliokufa upande wa Mwingereza tu wanakadiriwa kufika karibu 100,000, wengi kwa kuhara na njaa wakiwa wamebeba chakula cha wenzao. Kariakoo ya Dar imetokana na jina la kikosi chao, Carrier Corps. Kwahiyo ukikaa tena na yule mzee muulize kama kwao kuna mtu alichukuliwa upagazi, jina lake nani na kama alirudi. Akikujibu tuandikie, tutalichapa hapa.