Mama mkwe, mume wangu na mbwa wa Krismasi

SWALI: Shangazi, shikamoo. Krismasi tulikuwa ukweni, Moshi, watu kumi na mmoja sebuleni, tukaangalia filamu ya mapenzi ya Kimarekani. Dada wa mjini anarudi kwao, mbwa anamponyoka, anakimbilia kwa seremala mjane, mengine unayajua. Mimi nililia. Mume wangu akasema upuuzi mtupu, anayejua kuigiza ni mbwa peke yake. Mama mkwe aliona jambo moja tu: mbwa kapanda kitandani na miguu ya tope! Nani ana haki?
Mama Neema, Arusha

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa machozi. Mumeo kadanganywa. Yule mbwa haigizi. Anamtazama mkufunzi wake aliyesimama nyuma ya kamera na kipande cha nyama. Pale alipoinamisha kichwa ukadhani anamlilia marehemu, anasubiri nyama. Tena mara nyingi hutumiwa mbwa wawili wanaofanana, mmoja hodari wa kukimbia, mwingine wa kutulia. Rudia kuangalia madoa yao.

Theluji nayo usiiamini sana. Nyingi ya filamu hizi hupigwa Canada, mara nyingine katikati ya majira ya joto, kwa povu na karatasi iliyosagwa. Watazame midomoni wakiongea nje: hakuna hata mvuke. Wanatoka jasho ndani ya makoti, masikini.

Nami huwa nalia, usimwambie mumeo. Lakini ushindi nampa mama mkwe. Shuka nyeupe zile, na hadi harusi hatukumwona mtu akizifua!