Muvi za gemu: tatizo si stori, tatizo ni sheria

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo mawili: kwa nini muvi zinazotokana na gemu nyingi zinaboa, na kama ni kweli kwamba gemu hazina stori ya kujaza saa mbili. Wadau waliotangulia wamekujibu kwamba gemu ni ya kucheza na muvi ni ya kuangalia. Ukimnyang'anya mtu pedi ya kuchezea, utamu umeisha. Jibu hilo hurudiwa kila mada ya aina hii inapoibuka, na mimi silikubali.

Silikubali kwa sababu nimekulia kwenye kibanda cha gemu. Rika langu mnakijua: chumba cha mbele cha nyumba ya mtu, TV mbili za chogo, benchi, na PlayStation moja imegeuzwa miguu juu kwa sababu ukiilaza vizuri haisomi CD. Aliyepigwa anaachia pedi, mwenye hela anaingia. Sasa wengi wetu hela hatukuwa nayo. Tulisimama nyuma ya benchi tukiangalia wenzetu, kuanzia shule inapotoka mpaka mama atume mtu aje kukutafuta, na hakuna aliyelalamika kwamba anaboreka. Kwa hiyo mtu akiniambia gemu haiangaliki namshangaa. Siku hizi watu wanajaza kumbi kuangalia wengine wakicheza, na YouTube ndiyo usiseme.

Cha kujiuliza ni kwamba tulikuwa tunaangalia nini. Chukua Tekken 3, gemu ya kupigana mtu na mtu, iliyoingia kwenye PlayStation mwaka 1998 na ikakaa vibandani miaka na miaka. Anaingia dogo asiyejua chochote, anachagua Eddy Gordo, anakandamiza X na duara bila kupumua, na Eddy anazunguka kama pia, miguu juu, mikono chini. Upande wa pili mkongwe kamchukua King, mpiganaji wa mieleka. Chumba kizima kinajua: dogo akituliza vidole sekunde moja tu, akakamatwa, King atamrusha, atamkunja, atamrusha tena, hakuna cha kumwokoa. Na kinajua pia kwamba dogo akiendelea kubonyeza, mkongwe hapati pa kuingilia. Ile mistari miwili ya uhai juu ya skrini imebaki kipande kipande. Hapo hata muuza karanga anasimama mlangoni. Tulijua kila mmoja anaweza nini, hawezi nini, na akishindwa anapoteza nini. Sheria za mchezo zilikuwa wazi kwa kila mtu chumbani, mwenye pedi na asiye na pedi. Muvi nyingi za gemu zinanunua majina na mavazi, halafu sheria wanaziacha dukani.

Angalia muvi ya Tekken ya 2010. Ukisoma majina ya waigizaji unapata matumaini. Heihachi, yule babu mkatili wa gemu, ni Cary-Hiroyuki Tagawa, mtu mwenye sura ya ubaya kweli kweli. Eddy kapewa Lateef Crowder, Mbrazili anayecheza capoeira ya ukweli, yale mapigano ya Kibrazili ya kuzunguka na kurusha miguu, yaani miguu ile aliyokuwa nayo Eddy kwenye skrini yetu jamaa anayo mwilini. Aisee, unapewa mtu kama huyo halafu unampa pambano moja fupi, tena unalikatakata vipande mpaka huoni teke limeanzia wapi na limeishia wapi! King hayumo. Paul hayumo. Hwoarang hayumo. Waliomo wanapigana karibu wote kwa namna moja, ngumi, teke, ukuta, kelele. Sasa nitajuaje nani yuko hatarini wakati sijui nani anaweza nini?

Na wanaosema gemu hazina stori, Tekken inawaumbua. Baba, Heihachi, anamtupa mtoto wake wa miaka mitano jabalini. Mtoto anakua, anarudi kulipiza. Mjukuu, Jin, analelewa na kufundishwa kupigana na babu huyohuyo, anamuua jini Ogre aliyemwondoa mama yake, na akishamaliza kazi babu anampiga risasi. Risasi haimmalizi, kwa sababu ndani ya damu yake kuna shetani aliyemrithi kwa baba. Hiyo ni stori ya ukoo unaotafunana vizazi vitatu, hadithi ambayo bibi yeyote wa kwetu angeikesha. Muvi imeondoa Ogre, imeondoa shetani, imemfanya Heihachi mzee mwenye heshima zake anayesalitiwa na mwanawe, na mama wa Jin anauawa kwa bomu la askari wa kampuni. Bosi wa gemu yenyewe wakati huo, Katsuhiro Harada, alikuja kusema hadharani kwamba muvi ni mbovu na kwamba wao hawakupewa nafasi ya kuisimamia.

Niliiona kibanda umiza, na jamaa wa kutafsiri ndiye aliyeiokoa. Alikuwa anaijua Tekken vizuri. Kila mara Heihachi akitokea anatukumbusha alivyomtupa mwanawe jabalini, jambo ambalo muvi haikulisema kabisa, na watu wakawa wanamzomea mzee ambaye kwenye skrini hajafanya kosa lolote. Nilicheka sana siku ile.

Sasa linganisha na Mortal Kombat ya 1995, ya Paul W. S. Anderson. Stori yake ni nyembamba kuliko zote nilizotaja. Kuna mashindano, wale wa ulimwengu wa pili wameshinda mara 9 mfululizo, wakishinda ya 10 dunia inakuwa yao. Ukishindwa, mchawi wao Shang Tsung anakula roho yako. Liu Kang anataka kisasi cha mdogo wake, Sonya anamtafuta Kano, mwigizaji Johnny Cage kachoka kuitwa feki. Basi, ndani ya dakika chache unajua kila mtu kaja kufanya nini na atapoteza nini. Mpaka hata damu, kitu kilichoipa umaarufu gemu ya 1992 hadi maseneta wa Marekani wakaitishia kikao mwaka 1993, waliiondoa ili watoto waingie ukumbini. Hatukuihitaji. Walipowaonyesha watu muvi ya majaribio, watu wakalalamika kwamba mapambano ni machache, na wao wakarudi kupiga mengine, likiwemo lile la Liu Kang na Reptile. Hicho ndicho kipande ambacho sisi tulikirudisha nyuma na kukiangalia tena mpaka mkanda ukaanza kukwaruza. Bajeti ilikuwa kama dola milioni 20, ikaingiza zaidi ya milioni 120.

Miaka miwili baadaye wakaleta ya pili, Mortal Kombat Annihilation. Kwa wanaodai dawa ni kufuata gemu neno kwa neno, hii ndiyo ya kuwaonyesha. Imejaza wahusika wa gemu kuliko ile ya kwanza. Mtu anatokea, anatajwa jina, anarusha mateke, anapotea. Mashindano hakuna tena, kwa hiyo mapigano hayana hesabu. Shao Kahn, mtawala wa ule ulimwengu wa pili, kavunja masharti na dunia inaliwa tu. Johnny Cage wanamuua mwanzoni kabisa, utadhani walikuwa wanapunguza mshahara. Ile ya 2021 nayo inaanza na Japani ya 1617, Hiroyuki Sanada na Joe Taslim wanapigana kwenye majani na barafu, pambano moja zuri ajabu. Halafu wanatuletea Cole Young, mtu asiyekuwepo kwenye gemu yoyote, na mpaka muvi inaisha mashindano yenyewe hayajafanyika! Muvi inaitwa Mortal Kombat na mashindano hayamo.

Kuhusu Assassin's Creed ya 2016 sitasema mengi. Michael Fassbender, Marion Cotillard, Jeremy Irons, dola kama milioni 125. Yule mrukaji wao, Damien Walters, aliruka kweli kutoka karibu mita 38, bila kamba. Lakini raha ya gemu ile ni kuwa zamani: unapanda mnara, unauona mji mzima, unachagua paa la kupita na mtu wa kumfuata. Muvi inatuonyesha Hispania ya 1492 kidogo kidogo, kila ikianza kunoga tunarudishwa maabara ya siku hizi Madrid kusikiliza watu wa koti wakielezana mambo. Ukiwa huko 1492 nako, Aguilar, steringi wa enzi hizo, anakimbia tu. Anatoroka kwenda wapi na kwa njia ipi, huambiwi. Doom ya 2005 ilifanya kosa la ndugu yake: gemu ni ya kuzimu imefunguka Mars, wao wakaona aibu ya kuzimu wakaleta kromosomu.

Street Fighter ya 1994 nitaitetea kidogo, mnivumilie. Kama muvi ya Street Fighter ni vichekesho. Kwa sababu staa ni Van Damme, Guile ndiye kawa steringi, na Ryu na Ken, roho ya gemu yote, wamefanywa matapeli wa kuuza silaha. Hadouken ya Ryu, ule mpira wa nguvu anaourusha kwa mikono, inapita kama mwako wa taa, ukipepesa macho imekupita. Lakini Raul Julia, aliyeigiza adui mkuu Bison! Alikuwa anaumwa saratani, alikubali kazi ile kwa ajili ya watoto wake waliokuwa wanaipenda gemu, na alifariki Oktoba 1994, miezi miwili kabla muvi haijatoka. Dada mpiganaji Chun-Li anamsimulia Bison kwa uchungu siku Bison alipomuua baba yake Chun-Li, na Bison anamjibu kwa upole kabisa kwamba kwake yeye ilikuwa Jumanne tu. Julia peke yake kwenye muvi ile anajua ni mhusika gani na anaweza nini, na kila akiingia unakaa sawa kwenye kiti.

Tamthilia za gemu za siku hizi kama Arcane na The Last of Us zimepewa saa nyingi, kwa hiyo kuzilinganisha na muvi ya dakika 100 ni kuwaonea wa zamani. Ila angalia hata The Last of Us: ndani ya kipindi cha kwanza ushajua uking'atwa na mwenye maambukizi nawe unageuka kama yeye, na muda unaanza kuhesabika. Baada ya hapo mtu akijikuna tu unashtuka.

Ulisema unataka kuangalia na mdogo wako wa miaka 12 wikiendi hii. Anza na Mortal Kombat ya 1995, haina damu za kumtisha. Street Fighter iwekeni ya pili, na zikipita sehemu za Ryu na Ken nenda kachemshe chai. Tekken usimwonyeshe kabla hajaicheza gemu. Mpe pedi, mwache ampige mtu kwa Eddy kwanza.